Ndai Yako ya Zamani Inakunywa Maji Kila Siku? Hatua 6 za Kujua Inavuja Wapi

Nyeri, Karatina, Nanyuki, kote huku mlimani wasee wanapenda magari ya zamani. Kuna mwenye Peugeot 504 ya guka wake, ile iliyoshinda Safari Rally 1975 na 1978. Mwingine ana Corolla DX, mwingine Subaru ya EJ25. Kulanti ikianza kupotea, stori huwa ile ile: fundi anasema "hiyo ni gasketi", silinda hedi inashushwa, doo inaisha, na kumbe ilikuwa tu klipi ya hosi imelegea. Kabla utoe ganji, pima mwenyewe.

Kwanza jua kwa nini huku ni noma kuliko Mombasa. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Nyeri, karibu mita 1,750 juu ya bahari, yanachemka kwa kama 94. Kinachookoa injini ni presha. Kofia ya rejeta iliyoandikwa 0.9 huongeza karibu digrii 20. Mahali padogo pakivuja, presha inaisha, na ukipanda kutoka Sagana hadi Karatina na mzigo, ndai inachemka.

1. Weka alama. Injini ikiwa baridi, jaza kulanti na uchore mstari kwenye chupa yake. Cheki kila asubuhi kwa siku tatu. Usiwahi fungua kofia ikiwa moto. Hayo maji yatakuruka usoni na kukuchoma vibaya. Ngoja hata saa nzima.

2. Lalisha katoni chini ya gari. Asubuhi angalia tone liko wapi. Mbele kabisa, shuku rejeta na hosi zake. Upande wa mkanda, shuku wota pampu, kwa sababu ina katundu kadogo chini kanakotoa maji sili ikichoka. Nyuma karibu na dashibodi, shuku hosi za hita ama vile visahani vya chuma vilivyogongwa kwenye bloki, ambavyo huoza kwa kutu ukizoea kuweka maji ya mto. Fuata pia madoa makavu meupe ama ya kijani. Julai kukiwa na baridi, hosi nzee huvuja alfajiri kisha zinajiziba injini ikipata moto, so cheki kabla uwashe.

3. Kagua kofia. Raba ikiwa imepasuka ama springi imelegea, nunua nyingine yenye namba ile ile. Ni kitu rahisi kuliko zote kwa hii listi, na wengi huiruka.

4. Pima presha. Gereji nyingi ziko na pampu ya mkono inayofungwa pale kofia hukaa. Injini ikiwa baridi, pampu hadi namba ya kofia, usizidishe. Ngoja dakika 15. Mshale ukishuka, mulika kila mahali na tochi. Ukishuka na nje kote ni kukavu, kulanti inaenda ndani.

5. Gusa kapeti. Zulia la mbele likiwa limelowa, na kioo kinapata ukungu wenye harufu tamu, hita ndiyo imetoboka.

6. Sasa ndio ushuku gasketi. Dalili ni hizi: mapovu kwenye rejeta injini ikinguruma, hosi ya juu kuwa ngumu dakika moja tu baada ya kuwasha, plagi moja safi kuliko zingine, ama oili ya rangi ya chai ya maziwa. Lakini moshi mweupe wa asubuhi Nanyuki si ushahidi. Huo ni mvuke, na huisha injini ikipata moto. Hata ile krimu kidogo chini ya kofia ya oili hutokana na safari fupi. Toa kijiti cha kupima oili. Chai ikiwa hapo pia, usiwashe tena. EJ25 nazo zinaweza kuvuja kwa nje, pale hedi inakutana na bloki, kwa hivyo mulika chini pia.

Kuna fundi atakuambia mtoe themostati ama umwage dawa ya kuziba. Kataa. Bila themostati injini itakuwa baridi kila asubuhi na bado inavuja. Dawa nayo inaweza kuziba mifereji ya hita na rejeta.

Na ukiwa barabarani, usiamini mshale wa joto peke yake. Kulanti ikiisha kabisa, kihisio kinabaki hewani na mshale unaweza kushuka kama kila kitu ni fiti. Hita ikianza kupuliza baridi ghafla, simama kando na uzime. Kilomita mbili za "acha nifike tu" zinatosha kupinda silinda hedi, na spea ya gari ya zamani si kitu utapata kila duka.