Thimlich Ohinga: Ngome ya mawe ambayo mbunifu wake hajulikani

MGENI anayetoka mjini Homa Bay hupitia Rodi Kopany na Ndhiwa, kisha huingia Kaunti ya Migori kabla ya kufika Thimlich Ohinga. Jina hilo ni la Kidholuo: ohinga ni ngome, na thimlich ni msitu mnene wa kutisha.

Wataalamu hukadiria kwamba ngome hiyo ilijengwa katika karne ya 16. Aliyeibuni hajulikani. Jamii mbalimbali zilipokezana makao hayo kwa vizazi kadhaa, kila moja ikikarabati ilichokikuta, hadi wakazi wa mwisho walipohama katikati ya karne ya 20. Maboma yake makubwa ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch.

Kinachostaajabisha ni ujenzi wenyewe. Kuta zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5 na unene wa mita 1 hadi 3, lakini hazikutiwa saruji, chokaa wala udongo. Hata mawe hayakuchongwa. Mafundi walisimamisha kuta mbili, ya nje na ya ndani, kisha wakashindilia mawe madogo katikati ili zishikane. Penye udhaifu waliongeza viegemeo vya mawe. Malango waliyafanya mafupi na membamba, yakafunikwa kwa mabamba marefu ya mawe. Adui aliyetaka kuingia ilimbidi ainame, na mtu aliyeinama ni vigumu kurusha mkuki.

Ubunifu huo una udhaifu wake. Jiwe moja likichomolewa, majirani zake hulegea. Mizizi ya miti na mifugo ni maadui wa kila siku, na mgeni anayepanda ukutani ili apigwe picha huweza kubomoa kazi ya karne nyingi. Mwaka 2000 shirika la World Monuments Fund liliiorodhesha ngome hii miongoni mwa turathi zilizo hatarini, na ukarabati ukafuata. Mwaka 2018 UNESCO iliitangaza kuwa Turathi ya Dunia. Leo inatunzwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Thimlich haikuwa pekee. Watafiti wamehesabu maboma 521 ya aina hiyo katika sehemu 138 za Nyanza Kusini. Mengi yamebaki vifusi, na ni hapa hasa ambapo mgeni bado anaweza kuinama langoni na kuuona ukuta ukiwa umesimama.