Kilomita 230 kwa herufi 160: kufuata Tour de France ukiwa Lodwar na Kakuma

Haya wasomaji wangu, wiki hii naweka kando PHP na hifadhidata. Nimeahidi mara nyingi kuandika juu ya baiskeli, na kila mara naishia kuandika juu ya seva. Leo ni baiskeli. (Seva itajipenyeza tu, mnanijua.)

Tarehe 1 Julai 2024, karibu saa kumi na mbili jioni, nilikuwa Kakuma, ndani ya kambi, kwenye mgahawa mmoja wa Waethiopia. Nilikuwa nimetoka Lodwar asubuhi kwa kazi ya kutengeneza kompyuta, kazi ikaisha, nikaagiza kahawa. Meza ya pili ilikuwa na watu sita na simu moja. Video ilikuwa inaganda kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo mwenye simu akaifunga, akafungua ukurasa wa maandishi matupu na kuanza kutusomea kwa sauti. Zimebaki kilomita kumi. Tano. Tatu. Halafu akanyamaza, maana ukurasa ulikataa kujisasisha. Tukangoja. Ulipokubali, ulikuwa na jina la Biniam Girmay wa Eritrea.

Kelele zilizofuata nadhani zilisikika hadi lagani. Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France! Na sisi tulioshangilia hatukuwa tumeona hata gurudumu moja likizunguka.

Usiku ule nikiwa Kakuma nilijiuliza swali ambalo limenifanya niandike leo: je, tulikosa mbio zile? Nimesoma historia yake tangu hapo, na jibu langu ni hapana. Tulizifuata jinsi zilivyotengenezwa zifuatwe.

Mbio zilizozaliwa gazetini

Kwanza tupime umbali kwa rula ya kwetu. Hatua ile ya tatu ilitoka Piacenza hadi Turin, Italia, kilomita 230.8. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120. Kwa hiyo chukua baiskeli, nenda Kakuma, geuza, rudi Lodwar, ukisimama kabla kidogo ya kufika nyumbani. Hiyo ndiyo hatua. Wale jamaa waliimaliza kwa chini ya saa tano na nusu, na kesho yake wakaamka kupanda milima.

Sasa tazama tarehe. Tour de France ya kwanza kabisa ilianza tarehe 1 Julai 1903, nje ya mkahawa mmoja kule Montgeron karibu na Paris. Kati ya siku ile na ushindi wa Girmay ni miaka 121 kamili, bila kuzidi hata siku moja.

Na mbio zile za 1903 hazikuanzishwa na chama cha michezo. Zilianzishwa na gazeti. L'Auto, chini ya mhariri Henri Desgrange, lilikuwa linashindana na gazeti jingine la michezo, Le Vélo, na lilikuwa linashindwa. Kijana mmoja wa chumba cha habari, Géo Lefèvre, akatoa wazo: tuzunguke Ufaransa nzima kwa baiskeli, kwa vipande. Hatua sita, kilomita 2,428. Hatua ya kwanza peke yake, Paris hadi Lyon, ilikuwa kilomita 467. Hiyo ni kutoka Lodwar upite Kitale, upite Eldoret, na bado una safari mbele! Walianza watu 60, wakamaliza 21, na mshindi akawa Maurice Garin.

Kwa nini vipande? Hapa ndipo mtengenezaji programu ndani yangu alisimama na kupiga makofi. Mbio za siku moja zinauza gazeti la siku moja. Mbio za wiki tatu zinamfanya msomaji arudi kesho, na kesho kutwa. Hakuna uwanja, hakuna tiketi. Anayesimama barabarani anaona vumbi na migongo kwa dakika moja, basi wamepita. Ili ujue kilichotokea, ilibidi usome. Mauzo ya L'Auto yaliruka kutoka nakala kama 25,000 kwa siku hadi 65,000, na mwaka 1904 Le Vélo likafunga milango. Hata jezi ya manjano ya anayeongoza, iliyoanza kuvaliwa 1919, ilifuata rangi ya karatasi za L'Auto.

Kwa hiyo shabiki wa kwanza wa mbio hizi alikuwa msomaji aliye mbali, anayejenga barabara kichwani mwake kwa maneno na namba. Redio ilikuja baadaye, televisheni baadaye zaidi, na vifaa vya GPS vya kufuatilia kila mwendesha baiskeli vilianza kufungwa kwenye baiskeli zote za Tour mwaka 2015. Vyote hivyo ni tabaka zilizowekwa juu. Chini kabisa kuna maandishi.

Hesabu ya nani anaongoza

Watu wengi huniuliza: mtu anaweza vipi kushinda Tour bila kushinda hatua hata moja? Jibu ni jepesi. Jumlisha muda wake wa kila siku. Mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye wa kwanza. Ni mstari mmoja wa programu.

Lakini mstari huo una historia. Mwaka 1904 udanganyifu ulikithiri hadi wanne wa kwanza wote, Garin akiwamo, wakafutwa. Kuanzia 1905 hadi 1912 waandaaji wakaacha kabisa kujumlisha muda, wakatumia pointi za nafasi. Mwaka 1913 wakarudi kwenye muda, na huko wamekaa hadi leo.

Na je, jumla zikilingana? Usicheke, ilitokea siku ileile ya Turin. Jioni ya 1 Julai 2024 watu wanne walikuwa na muda uleule: Richard Carapaz, Tadej Pogačar, Remco Evenepoel na Jonas Vingegaard. Ikabidi zijumlishwe nafasi walizomaliza nazo katika hatua zilizotangulia, na Carapaz akapewa jezi ya manjano, Mwekwado wa kwanza kuivaa. Pale mgahawani tulibishana juu ya kanuni hiyo kuliko tulivyobishana juu ya bei ya mafuta. Mzee mmoja aliyekuwa mwalimu kwao alichora jedwali kwenye karatasi ya kufungia sukari.

Lodwar, 2008

Mimi nilianza kufuata mbio hizi Julai 2008, kwenye saiba moja ya hapa Lodwar. Mnakumbuka wakati ule? Shilingi kwa dakika. Nyaya za kwanza za faiba za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo mtandao wa Kenya ulitegemea setilaiti. Setilaiti hizo ziko juu karibu kilomita 36,000. Ombi lako lipande, lishuke, jibu lipande, lishuke: karibu nusu sekunde imekwisha kabla hata ya seva kufikiri. Video ilikuwa ndoto. Lakini ukurasa wa maandishi wa kilobaiti chache ulifunguka, na dakika tano zilitosha kujua kila kitu cha siku ile.

Kilichonivuta ni kijana mmoja kwenye orodha, Chris Froome. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akajifunza baiskeli kwa David Kinjah kule Kikuyu, na mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Melbourne. Kabla tu ya Tour ya 2008 alikuwa amebadilisha leseni yake kutoka ya Kenya kwenda ya Uingereza. Aliposhinda Tour mwaka 2013, mara ya kwanza kati ya nne, Lodwar ilikuwa na mjadala mmoja tu: huyu ni wetu au si wetu? Mimi nilisema ni wa Kinjah, na nasimama hapo hapo.

Herufi 160, au 70

Mwaka 2015 nilikuwa nakuja Kakuma mara kwa mara, na huko nikafahamiana na Waeritrea wachache. Wao hawakuhitaji kufundishwa baiskeli na mtu. Waitalia ndio walioipeleka Eritrea enzi za ukoloni, na kwa miaka walikimbia peke yao, wenyeji wakizuiwa. Mwaka 1939 Waeritrea waliporuhusiwa kushindana nao, aliyeshinda alikuwa Mweritrea, Ghebremariam Ghebru. Mashindano ya hatua ya nchi yao wenyewe yalianza 1946, yakakatika kwa miongo mingi, yakarudi 2001. Mweritrea akikwambia baiskeli ni ya kwao, usibishe.

Tarehe 9 Julai 2015, mwisho wa hatua ya sita mjini Le Havre, Daniel Teklehaimanot alivaa jezi nyeupe yenye madoa mekundu, ile ya anayeongoza kwa pointi za milimani. Mwafrika wa kwanza kuivaa. Siku chache kabla nilikuwa nimewaandikia marafiki zangu programu ndogo: mimi nasoma ukurasa, naandika muhtasari, programu inatuma SMS kwa kila mtu kwenye orodha. Watu kumi na mmoja, simu za kitufe.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo. SMS moja ina baiti 140. Kwa herufi za Kilatini, kila moja ikichukua biti 7, unapata herufi 160. Kiswahili kinatosha humo vizuri: nani kashinda, tofauti ya muda, nani ana jezi, kesho wapi. Lakini mmoja wao aliniomba nimtumie mama yake kwa Kitigrinya. Maandishi ya Kitigrinya hayamo kwenye zile biti 7. Kila herufi inachukua biti 16. Hesabu mwenyewe: unabaki na 70. Habari ileile, mbio zilezile, na yeye anapewa chini ya nusu ya nafasi kwa sababu wakati kiwango kinaandikwa hakuna aliyefikiria alfabeti yake. Zile silabi zao zinabana maneno vizuri, tukamudu. Lakini tangu siku ile sijaandika programu yoyote bila kuuliza kwanza: herufi za nani zimeachwa nje?

Barabara na kibali

Sasa niseme lililonikaa moyoni. Mbio za hatua ni mchezo wa kupita. Leo mji huu, kesho ule, na hiyo Tour ya 2024 ilianzia Italia ikaingia Ufaransa bila mtu kuulizwa kitu barabarani. Wanaoifuata Kakuma ni watu ambao barabara yao ina kikomo. Kambi ilianzishwa 1992, wakati vijana waliokimbia vita vya Sudan walipofika. Leo, pamoja na Kalobeyei, ina watu zaidi ya laki mbili. Hata baada ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021, mkimbizi anayetaka kutoka nje ya eneo alilopangiwa bado anahitaji kibali. Zile kilomita 120 ambazo mimi nilizipita asubuhi nikisinzia, jirani yangu wa mezani anazihesabu kwa makaratasi.

Na sisi Waturkana tusijifanye hatulijui jambo hili. Wakati wa mkoloni wilaya yetu ilikuwa imefungwa. Mgeni hakuingia bila ruhusa. Serikali ile ilipotafuta mahali pa kumficha mtu, ilituma huku: Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kisha tangu 1959 hadi 1961 akawekwa kizuizini hapa hapa Lodwar. Ardhi hii imetumiwa muda mrefu kuwazuia watu wa kwingine.

Ndiyo maana siwezi kusema michezo inaleta amani na kuishia hapo. Februari 2025, mwezi mmoja baada ya M23 kuiteka Goma, Tour du Rwanda ilikimbiwa upande wa pili wa mpaka, timu moja ya Ubelgiji ikajitoa. Septemba mwaka huo Kigali ikaandaa mashindano ya dunia, ya kwanza Afrika. Pale Kakuma Wakongo niliowauliza hawakutaka hata kusomewa matokeo. Nikafunga simu. Wana haki.

Lakini ile jioni ya Turin nayo ilikuwa kweli. Girmay alishinda hatua mbili zaidi, ya nane na ya kumi na mbili, akaimaliza Tour mjini Nice akiwa na jezi ya kijani. Kabla sijaondoka mgahawani nilimuuliza yule aliyekuwa akitusomea kwa nini hakungoja video itulie. Akasema: "Ndugu yangu, video inanionyesha barabara yao. Nikisoma, naiweka hapa." Akaonyesha kwa kidole nje ya mlango, kule barabara inakoelekea Lodwar.

Haya, kahawa imepoa. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, na mwenye kuniuliza juu ya kodi ya ile programu ya SMS, nitaiweka nikishaisafisha. Inatia aibu kidogo. Lakini ilituma.