Michoro ya simu kuwa kadi za mkono: mambo ya kukagua kabla ya kuchapisha

Kwenye intaneti kuna michoro mingi iliyotengenezwa kwa ajili ya albamu za kumbukumbu za kidijitali: karatasi za maua, fremu, riboni, vipepeo na herufi za mapambo. Mingine hutolewa bure, mingine huuzwa. Michoro hiyo si lazima ibaki kwenye simu. Ukiichapisha, unaweza kuikata na kuibandika kwenye kadi za harusi, bahasha, vifuniko vya daftari na vibandiko vya zawadi. Lakini kila ukurasa wa rangi unaochapishwa steshenari unalipiwa, uwe umetoka vizuri au umeharibika. Hapa tunaeleza yanayofaa kukaguliwa mapema.

Ukubwa wa picha

Picha inayong'aa kwenye kioo cha simu inaweza kutoka na ukungu kwenye karatasi. Kipimo cha kawaida cha uchapishaji mzuri ni nukta 300 kwa kila inchi. Kwa hiyo kadi ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji picha ya pikseli 1,200 kwa 1,800 hivi. Picha yenye upana wa pikseli 600 itatoka safi kwa upana wa sentimita 5 tu. Idadi ya pikseli utaiona ukifungua maelezo ya picha kwenye simu.

Karatasi nyingi za albamu hizi ni za mraba wa inchi 12, yaani sentimita 30 na nusu kila upande. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Mwambie mchapishaji kama unataka mchoro upunguzwe wote uingie, au ukatwe sehemu tu.

Kutuma kwa mchapishaji

Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hubanwa na kupoteza ubora. Itume kama faili, kupitia sehemu ya nyaraka. Ua au fremu isiyo na mandharinyuma huwa faili la PNG. Ukilibadilisha kuwa JPG, sehemu iliyokuwa wazi hujazwa rangi, mara nyingi nyeupe.

Ili kupunguza gharama, panga vipande vingi kwenye ukurasa mmoja. A4 moja hutoa kadi mbili za kukunjwa, au vipande vinne vya A6.

Wino, gundi na mkunjo

Mashine za wino wa maji na za poda hazitoi kitu kimoja. Lowesha kidole, gusa pembeni mwa karatasi. Rangi ikichuruzika, usitumie gundi ya maji maji wala ya unga. Tumia gundi ya kijiti, upake nyuma kidogo tu. Rangi ya poda haichuruziki, ila hupasuka kwenye mkunjo. Tangulia kupitisha rula na kalamu iliyoisha wino mahali pa kukunja.

Karatasi ya kawaida ya gramu 80 ni laini mno kusimama kama kadi. Ibandike juu ya manila, au juu ya ganda kavu la mgomba lililonyooshwa. Ua lililochapishwa likikaa juu ya ganda la mgomba au kipande cha kitenge, kadi yako haitafanana na ya dukani.

Ruhusa ya kuuza

Hapa ndipo wengi huteleza. Neno "bure" halimaanishi unaruhusiwa kuuza. Michoro mingi ya bure hutolewa kwa matumizi binafsi: unaweza kumtengenezea dada yako kadi, lakini si kuuza kadi hamsini sokoni. Soma maelezo yanayokuja na faili, utafute kama matumizi ya biashara yameruhusiwa. Michoro inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nchini Tanzania, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 nchini Kenya.

Ipo njia salama. Tafuta picha zenye alama ya CC0, ambayo inaruhusu hata biashara. Jumba la makumbusho la Metropolitan la New York liliweka picha nyingi za kazi zake za zamani chini ya alama hiyo mwaka 2017.

Kabla ya kuagiza kurasa nyingi, chapisha moja. Ikunje, ibandike, iache ikauke hadi kesho yake. Ikibaki nzuri, endelea na kazi.