Chumba cha Kupanga Dar es Salaam

Chuo kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU mjini, kisha mwaka 1964 kikahamia Mlimani, mbali na mji wa siku zile. Waliokijenga walidhani kwamba mwanafunzi atalala papo hapo anaposomea. Hesabu hiyo haikudumu. Wanafunzi walizidi vitanda, na waliokosa nafasi bwenini wakateremka kutafuta vyumba Sinza, Msewe na Changanyikeni.

Nyumba nyingi walizozikuta huko ni za umbo la kale kuliko chuo chenyewe: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma wenye jiko na choo. Kila mlango waweza kuwa na mpangaji wake, na pengine mwenye nyumba naye hukaa katika chumba kimojawapo. Hivyo ndivyo walivyoishi Kariakoo watu wa bara waliokuja kutafuta kazi mjini, kabla ya kuwako chuo chochote.

Lakini mtu wa kazi alilipa kwa mwezi. Mwanafunzi wa leo hudaiwa kodi ya miezi sita, au mwaka mzima, naye mkopo wake huupata kwa mafungu. Ndiyo maana wawili watatu huchangia chumba kimoja. Mabweni ya mwaka 2017, yenye nafasi 3,840, yaliwapunguzia wengi taabu hiyo, si wote. Aliyebaki nje humkuta dalali, ambaye hutaka kodi ya mwezi mmoja iwe ujira wake, hata chumba kiwe hakina dirisha.