Mchoro Unaojibu: Historia Fupi ya Michoro ya Mantiki na Haja ya Istilahi Zake

Utangulizi

Miongoni mwa dhana ambazo wafasiri hutuletea ili zitafutiwe visawe vya Kiswahili, zipo zinazoonekana nyepesi kwa sura lakini zikawa nzito kwa maana. Mojawapo ni ile ya programu za kompyuta zinazomwezesha mtumiaji kuchora michoro ya mantiki na kuigeuza papo hapo kwenye kioo, huku programu ikitoa jibu kwa kila atendalo. Wako waliopendekeza ziitwe programu za kuchorea. Wengine wamesema ni programu za kuchezea michoro. Na wengine wameridhika na neno shirikishi. Kabla ya kuchagua moja kati ya hayo, yafaa tujiulize kitu chenyewe kilitoka wapi na kinafanya kazi gani. Istilahi iliyosanifiwa bila kujua historia ya dhana yake ni kama nguo iliyoshonwa bila vipimo: huenda ikapendeza machoni, lakini mwenyewe hawezi kuivaa.

Katika makala haya tutafuata safari ya michoro hiyo tangu ilipokuwa picha ya kumwelezea msomaji, hadi ilipokuwa chombo cha kutendea hoja, na hatimaye ikatiwa katika kompyuta. Kisha tutatoa mapendekezo.

Kutoka Katika Maneno Hadi Katika Maduara

Neno mantiki tumelipokea kutoka katika Kiarabu, na asili yake ni mzizi wenye maana ya kutamka na kusema. Hivyo basi, kwa jina lake tu, mantiki ni taaluma ya usemi: hutazama kauli moja inavyofuata kutokana na nyingine. Kwa karne nyingi baada ya Aristotle, wanafunzi walijifunza kanuni hizo kwa maneno, wakizikariri.

Leonhard Euler, mwanahisabati aliyezaliwa Uswisi, ndiye aliyeyapa umaarufu maduara ya mantiki. Kati ya mwaka 1760 na 1762 alimwandikia binti mmoja wa ukoo wa kifalme wa Ujerumani mfululizo wa barua za kumfundisha sayansi na falsafa, na barua hizo zikaanza kuchapishwa mwaka 1768. Humo alionyesha kwamba kauli kama "Wavuvi wote ni mabaharia" yaweza kuchorwa kwa kuliweka duara la wavuvi ndani ya duara la mabaharia. Msomaji huona kwa jicho jambo ambalo angelifikia kwa sikio baada ya taabu.

Walakini njia hiyo ilikuwa na kasoro. Tuongeze kauli ya pili: "Baadhi ya wavuvi ni wakulima." Yatupasa sasa kuchora duara la wakulima likikata lile la wavuvi. Je, duara hilo liishie ndani ya duara la mabaharia, au litoke nje yake? Kauli zetu mbili zimenyamaza juu ya jambo hilo. Hazikusema kama wapo wakulima wasio mabaharia au hawapo. Lakini kalamu haiwezi kunyamaza: ni lazima ichore hivi au vile. Hivyo mchoraji hulazimika kusema zaidi ya aliyoambiwa.

Kasoro hiyo ilirekebishwa na John Venn wa Chuo Kikuu cha Cambridge katika makala aliyoyachapisha mwaka 1880. Yeye alianza kwa kuchora maduara yote yakikatana, ili kila mchanganyiko unaowezekana uwe na chumba chake. Hapo hakuna lililosemwa bado. Kisha kila kauli huongezwa kwa kutia kivuli katika vyumba ambavyo kauli hiyo imevitangaza kuwa ni vitupu. Baadaye Charles Sanders Peirce wa Marekani aliongeza alama ya kuonyesha kwamba chumba fulani kina kitu ndani yake.

Kwa mfano wetu, tunachora maduara matatu: la wavuvi, la mabaharia na la wakulima. Kauli ya kwanza inatutaka tutie kivuli sehemu yote ya wavuvi iliyo nje ya mabaharia. Kauli ya pili inatutaka tuweke alama mahali ambapo wavuvi na wakulima wanakutana. Mahali hapo pana vyumba viwili, na kimoja kimekwisha kutiwa kivuli. Kwa hiyo alama haina budi kukaa katika kile kilichobaki, ambacho kimo ndani ya duara la mabaharia pia. Tukiusoma mchoro tunapata hitimisho: baadhi ya mabaharia ni wakulima. Yafaa ikumbukwe kwamba hapa mchoro haukuja baada ya hoja ili kuipamba. Kutia kivuli na kuweka alama ndiko kuhoji kwenyewe.

Peirce na Kanuni za Kugeuza

Huyo Peirce, aliyezaliwa mwaka 1839 na kufariki mwaka 1914, alikwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 1896 alianza kujenga utaratibu mpya wa michoro. Karatasi tupu, kwake, ni uwanja wa madai: lolote liandikwalo juu yake limedaiwa kuwa kweli. Mzingo uliochorwa kulizunguka jambo hulikanusha jambo hilo. Na mstari mnene huonyesha kwamba kuna kitu fulani, na huunganisha sifa zinazosemwa juu ya kitu hicho kimoja.

Wasomaji wetu walio wafasiri na watumishi wa serikali wataona faida ya utaratibu huo katika sentensi ambayo huenda wamewahi kukutana nayo: "Waombaji wote hawatapewa nafasi." Sentensi hii ina njia mbili. Mmoja ataisoma kwamba hakuna mwombaji hata mmoja atakayepewa; mwingine ataisoma kwamba watakaopewa si wote. Katika barua rasmi, tofauti hiyo si ya wanasarufi peke yao, kwani inaamua kama mtu afunge safari kwenda kuomba au asiende. Sasa na tuichore. Kwa maana ya kwanza, mstari, neno "mwombaji" na maneno "atapewa nafasi" vyote hukaa ndani ya mzingo mmoja: imekanushwa kwamba kuna kitu kilicho mwombaji nacho kitapewa nafasi. Kwa maana ya pili, neno "mwombaji" hukaa nje pamoja na mwanzo wa mstari, na maneno "atapewa nafasi" peke yake ndiyo yaliyozungukwa: yuko mwombaji, na huyo hatapewa. Vipande ni vile vile na mzingo ni mmoja. Lililobadilika ni mahali pa neno moja tu. Mchoro haukubali utata, na humlazimisha mwandishi atamke alichokusudia.

Jambo kubwa zaidi katika kazi ya Peirce ni kanuni alizoziweka za kuugeuza mchoro. Tutazitaja mbili, kila moja kwa sura yake iliyo nyepesi. Kilichoandikwa mahali pasipozungukwa na mzingo wowote chaweza kufutwa. Ndani ya mzingo mmoja, mambo hupinduka: huruhusiwi kufuta, lakini waruhusiwa kuongeza. Sababu yake si ngumu. Tukisema "Yuko mwombaji wa nje ya wilaya aliyepokelewa," twaweza kufuta maneno "wa nje ya wilaya," na kauli iliyobaki itakuwa kweli vile vile. Lakini tukisema "Hakuna mwombaji wa nje ya wilaya atakayepokelewa," na karani akayafuta maneno hayo hayo kwa nia njema ya kufupisha waraka, atakuwa amewafungia mlango watu wote. Kufuta ni kule kule, lakini hapa kumeharibu ukweli.

Maandishi mengi ya Peirce juu ya michoro hiyo hayakuchapishwa alipokuwa hai. Sehemu muhimu ilitoka mwaka 1933 katika mkusanyiko wa kazi zake, na mwaka 1973 Don D. Roberts alitoa kitabu kizima cha kuieleza.

Mashine Iliyojibu na Mashine Iliyochora

Wakati huo huo mashine nazo zilikuwa na njia yake. Mwaka 1870 Mwingereza William Stanley Jevons alikionyesha mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya London chombo kilichofanana na piano ndogo, chenye vibonyezo 21. Mtu alibonyeza kauli zake, na chombo kikaondoa michanganyiko isiyopatana na kauli hizo, kikabakiza iliyopatana. Mashine ya Jevons ilijibu, lakini haikuchora.

Mwaka 1963, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Ivan Sutherland aliwasilisha tasnifu juu ya programu yake iliyoitwa Sketchpad. Mtumiaji alichora moja kwa moja kwenye kioo kwa kalamu ya nuru, akaiamuru kompyuta, mathalani, iifanye mistari fulani iwe sambamba au iwe na urefu sawa. Nayo ikautengeneza mchoro kulingana na masharti hayo. Hapa mchoro ulianza kutii sheria, ingawa sheria zenyewe zilikuwa za maumbo na si za hoja.

Njia hizo mbili zilikutana katika kazi ya Jon Barwise na John Etchemendy wa Chuo Kikuu cha Stanford. Katika miaka ya 1980 walitengeneza programu ya kufundishia waliyoiita Tarski's World, kwa kumbukumbu ya mwanamantiki Alfred Tarski. Mwanafunzi hupanga maumbo juu ya ubao wenye miraba, akaandika kauli juu ya maumbo hayo, na programu ikamwambia kama kauli ni kweli au si kweli. Asiporidhika, programu humuuliza hatua kwa hatua mpaka aone mwenyewe alipopotea. Mwaka 1994 walitoa Hyperproof, ambayo mwanafunzi aweza kupitia hoja kutoka katika picha kwenda katika sentensi na kurudi, huku kila hatua ikikaguliwa.

Mwaka huo huo wa 1994 Sun-Joo Shin alichapisha kitabu alichothibitisha ndani yake kwamba michoro ya aina ya Venn, ikiwekewa kanuni kamili, ni utaratibu halali wa mantiki: haitoi hitimisho la uongo kutokana na kauli za kweli, wala haishindwi kulifikia hitimisho linalofuata kwa haki miongoni mwa kauli inazoweza kuzieleza. Na mwaka 2012 watafiti wa vyuo vikuu vya Cambridge na Brighton walieleza programu iitwayo Speedith, ambayo mtumiaji huthibitisha hoja kwa kuigeuza michoro yenyewe kwa kufuata kanuni.

Suala la Istilahi

Sasa turudi katika maneno tuliyoanza nayo. Tuchukue ule mchoro wa waombaji wenye maana ya "hakuna," na tuuweke kwenye kioo cha kompyuta. Mtumiaji anaushika kwa kipanya neno "mwombaji" pamoja na ncha ya mstari, anavivuta hadi nje ya mzingo. Programu ya kuchorea tu itamruhusu, na mchoro utabaki nadhifu kama ulivyokuwa. Lakini maana itakuwa imegeuka kutoka "hakuna" hadi "yuko asiyepewa," jambo lisilofuata, kwani huenda hakuna aliyeomba kabisa. Programu ya mantiki itakataa, na itamweleza kwamba hakuna kanuni inayoruhusu hatua hiyo. Kukataa huko ndiko kiini cha dhana tunayoitafutia jina. Kwa sababu hiyo tunapendekeza haya yafuatayo:

(a) Mchoro wa mantiki uwe ni mchoro wowote ambao sehemu zake zina maana iliyowekwa na kanuni. Picha inayopamba maelezo tu isipewe jina hili.

(b) Kugeuza kwa kanuni, na nomino yake ugeuzaji wa kanuni, itumike kwa tendo la kuufanyia mchoro mabadiliko yanayohifadhi ukweli. Neno kuchezea laufanya utaratibu uonekane mzaha, na kubadili huingiza hata mabadiliko yaliyokatazwa.

(c) Programu jibizani iwe ni programu inayopokea tendo la mtumiaji na kulijibu papo hapo. Neno shirikishi limekwisha kuzoeleka katika elimu na maendeleo, tunaposema mbinu shirikishi, yaani zile zinazowahusisha watu wote katika jambo. Kulipa maana ya pili ni kuwachanganya walimu.

Hapana shaka wako watakaosema kwamba kujibizana kuna harufu ya ugomvi. Tunakubali kwamba neno hutumika hivyo pia. Lakini washairi wetu nao hujibizana, na katika malumbano yao anayejibu hufungwa na vina na mizani ya yule aliyeanza, akizivunja, hajajibu. Huko ndiko kujibizana kunakofaa hapa: jibu lililo chini ya sheria.

Hitimisho

Tumeona kwamba maduara ya Euler yalieleza, yale ya Venn yakatenda, michoro ya Peirce ikapewa sheria, na kompyuta ikapewa kazi ya kuzilinda sheria hizo. Mwalimu atakayeipokea programu ya namna hii kwa jina la chombo cha kuchorea atawapa wanafunzi wake alama kwa unadhifu wa maduara yao, na hatajua kwamba amekiacha kilichokuwa cha thamani. Tunawaomba wasomaji wetu, hasa walimu wa hisabati na wafasiri, wayajaribu maneno haya katika kazi zao na kutuletea maoni. Palipo na kosa tutarekebisha. Maana istilahi nayo, kama mchoro wa mantiki, haina budi kukubali kukaguliwa.