Kombe la Chalenji: Kutoka Sabuni hadi Machakos

Kabla ya Chalenji kulikuwa na sabuni. Mwaka 1926, kampuni ya Gossage, watengenezaji sabuni wa Uingereza, ilitoa kombe la soka lishindaniwe na Kenya na Uganda. Mechi ya kwanza, jijini Nairobi, ilimalizika kwa sare. Iliporudiwa, Kenya ikaibuka kidedea. Kwa karibu miaka ishirini timu hizo mbili zilipokezana ubingwa. Tanganyika iliingia mwaka 1945, Zanzibar ikafuata mwaka 1949. Tanganyika haikuchelewa kuonja utamu: ilitwaa kombe mara tatu mfululizo, 1949 hadi 1951.

Uhuru ulipopatikana, jina la sabuni halikudumu. Mwaka 1967 mashindano yakaitwa Chalenji, na mwaka 1973 yakawa chini ya CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, milango ikafunguliwa kwa majirani wengi zaidi. Kenya ilitamba 1981, 1982 na 1983, lakini hakuna aliyeifikia Uganda kwa wingi wa makombe.

Hata hivyo, hakuna aliyeihitaji Chalenji kama Zanzibar. Muungano wa Tanganyika (Bara) na Zanzibar (Visiwani) wa 1964 ulizaa nchi moja, na FIFA ikatambua timu moja ya Tanzania. Chalenji haikufuata hesabu hiyo: humo Bara walicheza kama Bara, Visiwani kama Visiwani, na wakipangwa kundi moja hukabana koo kama wageni. Mwaka 1995 Zanzibar ilibeba kombe katika ardhi ya Uganda, na hadi leo ndilo lake pekee katika Chalenji.

Machi 2017, CAF, shirikisho la soka Afrika, iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55. Furaha haikufika mbali. Julai uanachama ukafutwa, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Desemba, vijana wa Zanzibar chini ya kocha Hemed Morocco wakatua Kenya kwa Chalenji. Waliifunga Bara 2-1, kisha katika nusu fainali wakawavua ubingwa Uganda kwa 2-1 vilevile.

Fainali ilipigwa Machakos, Desemba 17. Wenyeji walipata bao mapema, wakalilinda hadi lala salama, Khamis Musa Makame aliposawazisha. Katika muda wa nyongeza Masoud Juma akaiweka Kenya mbele tena. Dakika chache tu baadaye Makame akajibu. Matuta yakaamua: kipa Patrick Matasi akaokoa, Kenya ikashinda 3-2.

Chalenji yenyewe imekuwa ikisuasua. Mwaka 2014, 2016 na 2018 haikufanyika kabisa, na ya 2019 ilichukuliwa na Uganda nyumbani Kampala. Kenya, Uganda na Bara zikiikosa, zina mechi za kufuzu AFCON na Kombe la Dunia. Zanzibar haina kufuzu kokote. Kila mwaka Chalenji inapoahirishwa, kuna kizazi cha wachezaji wa Unguja na Pemba kinachozeeka bila kuivaa jezi ya kwao katika mashindano ya kanda.