Kristofferson: Gwiji wa kantri aliyesifiwa kwa kalamu, akakosolewa kwa sauti

KRIS Kristofferson, mwanamuziki wa Marekani aliyefariki Septemba 28, 2024 nyumbani kwake Maui, Hawaii, akiwa na umri wa miaka 88, alikuwa mtunzi kwanza, mwimbaji baadaye. Vibao vyake vingi vilivyovuma zaidi vilipaa kwa sauti za watu wengine.

Alizaliwa Juni 22, 1936 mjini Brownsville, Texas. Kwa ufadhili wa Rhodes alisomea fasihi katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, ambako mashairi ya William Blake yalimkaa moyoni. Kisha akajiunga na jeshi, akawa rubani wa helikopta na kupanda hadi cheo cha kapteni.

Mwaka wa 1965 alipewa nafasi ya kufundisha fasihi katika chuo cha kijeshi cha West Point. Aliikataa, akahamia Nashville, kitovu cha muziki wa kantri, na kuajiriwa kufagia studio za Columbia. Mamake alimkana kwa uamuzi huo.

Kuna kisa cha jinsi alivyotua kwa helikopta katika boma la Johnny Cash ili kumpelekea wimbo. Cash alipenda kukisimulia kwa madoido, eti mgeni alishuka na bia mkononi. Kristofferson alikiri kutua, lakini akasema mwenyeji wake hakuwa hata nyumbani.

Hata hivyo, ni Cash aliyeimba ‘Sunday Mornin’ Comin’ Down’, uliotuzwa na Chama cha Muziki wa Kantri kuwa wimbo bora wa 1970. Mwaka huo huo Ray Price alivuma na ‘For the Good Times’. Mnamo 1971 ‘Me and Bobby McGee’, uliorekodiwa na Janis Joplin muda mfupi kabla ya kifo chake, ulishika nambari moja Marekani.

Wahakiki walimsifu kwa kuiondolea kantri haya ya bure. Aliandika kuhusu upweke, ulevi na tamaa ya mwili kwa lugha ya mazungumzo ya kawaida, bila kumhukumu mhusika. ‘Help Me Make It Through the Night’, ulioimbwa na Sammi Smith, uliwakwaza baadhi ya wasikilizaji kwa kuwa mwanamke ndiye aliyeomba asiachwe peke yake usiku. Wimbo huo ulimpa Kristofferson tuzo ya Grammy mwaka wa 1972.

Sauti yake ilikuwa jambo jingine. Ilikwaruza na haikufika mbali. Mwenyewe aliifananisha na ya chura. Umaarufu wa filamu nao ulimvuta mbali na kalamu. ‘A Star Is Born’ (1976) ilimpa tuzo ya Golden Globe, ilhali ‘Heaven’s Gate’ (1980) iliambulia hasara kubwa.

Mwaka wa 1985 alirejea kileleni katika kundi la Highwaymen, pamoja na Cash, Willie Nelson na Waylon Jennings. Lakini albamu ya ‘Third World Warrior’ (1990), iliyoshambulia sera za Marekani katika Amerika ya Kati, haikupata wanunuzi wengi. Hakulegeza msimamo.

Aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Kantri mnamo 2004. Miaka miwili baadaye alitoa ‘This Old Road’, albamu yenye ala chache mno. Hapo mikwaruzo iliyokuwa ikikosolewa ikageuka fahari: ilikuwa sauti ya mzee anayehesabu siku zake, na wahakiki wakaipokea kwa heshima. Kustaafu kwake kulitangazwa Januari 2021.